Marangu Mtoni hadi Mwika kwa miguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ya hii njia yanajirudia sana, watu wa Moshi mjini, watu wa Arusha wanaokuja wikiendi, hata wenyeji waliokulia Dar wanaotaka kuijua kwao kidogo. Nimeyaweka yote hapa. Yasome kabla hujaanza kupiga simu saa 5 usiku.

Njia yenyewe inaanzia wapi na inaishia wapi?

Inaanzia Marangu Mtoni pale gari zinaposhushia, inapita Mamba, inaishia Mwika sokoni Kinyamvuo. Yote hiyo ni Vunjo, wilaya ya Moshi, upande wa kusini mashariki wa Mlima Kilimanjaro, na ukishavuka Mwika ukaendelea mbele unaingia Rombo. Sasa nikisema njia usiwaze njia moja iliyochorwa yenye vibao na mishale, hakuna kitu kama hicho. Ni vijia vya watu vya kwenda shule, kanisani, dukani, kwa shangazi, vimeunganaungana humo kwenye migomba, na wewe unashika hiki au kile mradi uso umeelekea Mwika na mlima uko mkono wako wa kushoto.

Ni kilomita ngapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu na jibu lake halikusaidii kitu. Ngoja nieleze.

Mito ya huku yote inatoka juu mlimani inashuka kwenda tambarare, na kila mto umejichimbia korongo lake, kwa hiyo ukiutazama mlima unaona mgongo, korongo, mgongo, korongo, hivyo hivyo mpaka Rombo. Mtu anayepanda au kushuka anafuata mgongo mmoja tu na maisha yake ni marahisi. Wewe unayetoka Marangu kwenda Mwika unaikata hiyo migongo yote kwa ubavu. Unashuka korongo magoti yanatetemeka, unavuka kidaraja cha magogo au cha zege, unapanda ng'ambo ya pili unahema, unafika juu unatembea tambarare dakika chache unafurahi, alafu unaliona lingine hilo. Kwa hiyo kilomita ziache. Wenyeji wenyewe ukiwauliza hawakwambii kilomita, wanakwambia "ukishavuka bonde hili na lile lingine". Hiyo ndiyo hesabu ya kweli.

Kwa muda, weka nusu siku. Mtu wa mazoezi asiyesimama anaweza kutumia masaa 3 hivi, mtu wa kawaida anayepiga picha na kusalimia watu ni masaa 4 mpaka 5. Na utasalimia, hilo tutafika.

Si kuna lami mpaka huko? Kwa nini nisifuate lami?

Ipo, ni ile ya Marangu kwenda Mkuu mpaka Tarakea, na kwa gari ni kama dakika 20 kama gari haisimamisimami, na haijawahi kutokea gari ikaacha kusimama. Kutembea juu ya lami inawezekana lakini raha haipo, ina kona nyingi, pembeni pa kukanyaga padogo, kosta za Rombo zinakuja na spidi zao na bodaboda ndiyo usiseme. Mi naiona lami kama bima tu. Ukichoka, mvua ikikubamba, mtoto akilia, unauliza "lami iko wapi?" unaelekezwa, unasimama hapo unapunga mkono gari yoyote. Kwa sababu hiyo wanaoenda mara ya kwanza nawashauri wasiende mbali nayo sana, vijia viko juu yake na chini yake pande zote.

Njia ya juu au ya chini?

Juu kuna baridi, kivuli na maji mengi, migomba imesongamana. Chini jua linapiga, unaanza kuona mahindi na maharage na upeo unafunguka, siku isiyo na ukungu unaona milima ya Pare na ile tambarare ya kwendea Taveta upande wa Kenya. Mi ni mtu wa juu.

Nahitaji kibali cha KINAPA, wale wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro?

Kwa vijia vya vijijini hapana, hii ni ardhi ya watu na njia za watu, huingii hifadhini. Lakini ukivutwa na njia ukawa unapanda tu, unapanda, nyumba zinaisha, miti inakuwa minene, hapo umefika msituni, kuna ule ukanda wanaouita nusu maili alafu hifadhi ya taifa yenyewe. Huko usijipeleke bila utaratibu, ni askari na faini na maelezo marefu. Ukiona hakuna tena mgomba geuza.

Lazima niwe na mtu wa kuniongoza?

Lazima sio. Mtanzania anayejua kuuliza njia kwa heshima anafika. Ila kama ni mara ya kwanza na hamna mwenyeji hata mmoja kwenye kundi, kuchukua kijana wa pale Marangu ni hela iliyotumika vizuri, kwa sababu atakupitisha sehemu ambazo peke yako ungeona ni uani kwa watu ukaogopa. Mkubaliane bei kabla hamjaanza kutembea, na mkubaliane pia kama ni mpaka Mwika au mpaka Mamba tu, na nauli yake ya kurudi ni juu ya nani. Wengine wanakukuta stendi wanakuchangamkia utafikiri mlisoma wote, alafu mwisho wa safari bei inakuwa ya mtalii. Ongea mapema.

Ni kweli njia inapita kwenye mashamba ya watu? Hawagombi?

Ni kweli, na hawagombi kama umejitambulisha kwa mdomo wako. Hapa naomba msome taratibu kwa sababu ndiyo kitu kikubwa kuliko viatu na maji.

Uchagani nyumba haziko kwenye mstari kama mjini. Kila familia ina kihamba chake, nyumba katikati, kuzunguka nyumba kuna migomba, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna magimbi na maharage, juu ya vyote kuna miti mirefu ya kivuli kama mringaringa na mruka, na pembeni kwenye banda kuna ng'ombe wawili ambao hawatoki, wanaletewa majani. Kijia kinapita humo humo. Unaweza kujikuta umepita mita tatu kutoka mlango wa jiko la mtu ambaye anamenya ndizi na anakutazama. Sasa hapo ukipita kimya na kofia yako na miwani na simu mkononi unapiga picha, wewe ni mwizi au ni mtu wa kupima ardhi, na mtu wa kupima ardhi ni mbaya zaidi.

Salamu ndiyo tiketi. Kwa mzee yeyote ni shikamoo, subiri marahaba, usitupe shikamoo huku unaondoka. Ukitaka kupendwa sema "shimboni" utaona uso unavyofunguka, na ukisaidiwa kitu sema "aika mae" kwa mama au "aika mbee" kwa mwanaume, mzee sana unaweza kumwita meku. Wakikujibu kwa Kichaga kirefu cheka tu useme Kiswahili, hawakasiriki. Alafu jiandae na maswali, unatoka wapi, unaenda kwa nani, mtoto wa nani. Ukitaja ukoo umejimaliza, ukisema Lyimo utaulizwa Lyimo wa wapi, wa nyumba ipi, babu yako alikuwa anaitwa nani, na dakika kumi zimeisha na umeshapewa ndizi.

Jibu rahisi la "unaenda kwa nani" ni "natembea tu naelekea Mwika". Watakushangaa, kwamba mtu ana hela ya kosta na ameamua kutembea, lakini watakuonyesha njia.

Kuna vitu gani vya kutokufanya?

Usichume kitu. Hata parachichi lililoanguka, omba. Utapewa zaidi ya ulilotaka.

Usikate masale ukafanya fimbo. Yale majani marefu yaliyopandwa mstari mpakani siyo ua la kupendezesha, ndiyo mpaka wenyewe, na ndiyo hilo hilo jani mtu anampelekea aliyemkosea kuomba msamaha, na mzee wa Kichaga akiletewa sale kukataa ni kazi sana. Fimbo omba ya mti mwingine.

Usikae kwenye makaburi. Watu huku wanazikwa nyumbani kwenye kihamba chao, kwa hiyo utakuta kaburi limejengwa vizuri lina marumaru, liko kivulini, liko pembeni ya njia, na miguu inauma, na linaonekana kabisa kama benchi. Siyo benchi.

Na mwenye mzigo apite kwanza. Utakutana na akina mama wana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani mpana kuliko njia, anapanda korongo na hakuoni vizuri. Wewe ndiye unayejibana kwenye ukingo. Sio yeye.

Hiyo mifereji midogo inayokatiza njia ni nini? Naweza kunywa?

Hiyo ni mifongo. Kunywa usinywe, imeshapita kwenye vihamba na mabanda mengi kabla haijakufikia wewe.

Lakini simama kidogo uitazame, kwa maoni yangu ni kitu cha ajabu kuliko maporomoko yote yanayolipiwa kiingilio. Watu walienda juu huko korongoni, wakakinga maji ya mto, wakayaongoza kwenye mfereji wa udongo unaotambaa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno mpaka maji yanatoka korongoni yanafika juu ya mgongo, na kutoka hapo yanagawanywa kihamba kwa kihamba. Hii ilifanyika miaka mingi kabla ya ukoloni, bila pampu, bila darubini ya kupimia. Kuna sehemu ukiangalia utaapa maji yanapanda kilima. Na kila mfongo una wenyewe, koo zilizouchimba, zina zamu za maji na siku za kwenda kuufagia, na asiyeenda kufagia anapigwa faini. Mingine imekauka siku hizi, mingine watu wameweka bomba, ila inayofanya kazi bado inafanya. Kwa hiyo usiikanyage kingo, ruka. Na usiweke jiwe "uone maji yatafanyaje", kuna mtu chini huko anasubiri zamu yake.

Nivae viatu gani?

Raba yenye meno. Udongo wa huku ni mwekundu, ukilowa ni sabuni. Utaona mabibi wanashuka korongo na kandambili na ndoo kichwani, wasikudanganye, wao wamezaliwa hapo. Masika wenyeji wenyewe wanavaa gambuti. Suruali ndefu pia, kuna upupu na viwavi washa kwenye kingo.

Msimu mzuri ni upi?

Januari na Februari, na Septemba. Mlima unaonekana, njia kavu. Juni mpaka Agosti kavu kiasi lakini kuna wingu limekaa juu ya kichwa wiki nzima na baridi ya kweli, mtu wa Dar abebe sweta na asilete ubishi. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, mi siendi, makorongo yanateleza na vidaraja vya magogo vingine vinaenda na maji. Vuli, Novemba na Desemba, unaweza ukibahatisha asubuhi.

Saa nzuri ya kuanza ni saa 1 asubuhi. Mlima unajionyesha asubuhi, ikifika saa 4 mara nyingi umeshajifunika. Na kadiri unavyosogea Mwika ndivyo Mawenzi inavyozidi kujitokeza, ile ya majabali yaliyochongoka, wengi wamezoea kuona Kibo tu kutokea Moshi mjini. Hakikisha saa 10 jioni umeshamaliza, korongoni giza linaingia mapema kuliko juu.

Nikipotea?

Utapotea, ni kawaida. Google Maps inaonyesha baadhi ya vijia na vingine haina habari navyo, na kuna vile ambavyo inaonyesha lakini mwenyewe ameshapanda migomba katikati. Uliza watu, na uliza vizuri. Usiulize "hii njia inaenda Mwika?" kwa sababu atakujibu ndiyo, kila njia mwishowe inaenda Mwika. Uliza "nikitaka kwenda Mwika kwa mguu nipite wapi?". Maelekezo yatakuja kwa kupanda na kushuka: "panda hapo, ukikuta msalaba kata, shuka mpaka kwenye daraja". Na neno "hapo tu" lichukulie kwa tahadhari kubwa sana, hasa likisemwa na mtu aliyeelekeza kwa kidevu.

Waulize wawili. Ukiwauliza watoto wa shule watakusindikiza, ila mwisho watataka pipi, au kalamu, au picha.

Kuna nini cha kuona njiani?

Kabla ya kuondoka Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori, sio mbali na Mtoni, yana kiingilio. Wanasimulia habari ya binti aliyeitwa Makinuka aliyepata mimba kabla ya ndoa akaenda pale kujirusha, akaghairi, kugeuka akamkuta chui nyuma yake. Upande huo huo wa Marangu kuna Kilasiya pia. Ukipitia yote mawili Mwika unafika usiku, chagua.

Mamba kuna wahunzi. Hii usiikose. Hawa ni watu wa kazi hiyo vizazi na vizazi, zamani mikuki na majembe ya Vunjo yalitoka kwao, na mpaka leo wanafua visu, kengele na mikuki ya kuuzia wageni wakitumia mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Ukikuta wanafanya kazi kaa chini uangalie, na ukiangalia muda mrefu nunua kitu au acha chochote.

Mamba hiyo hiyo ni moja ya misheni za kwanza kabisa za Walutheri wa Leipzig mlimani, walianza Machame 1893, Mamba ikafuata 1894. Na kama wewe ni mtu wa historia, Marangu ndiko kwa Mangi Marealle, ambako Hans Meyer alipitia 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller mwaka ule walipofika kileleni, na Yohani Kinyala Lauwo anayetajwa kuwa ndiye aliyewaongoza ni mtu wa Marangu. Wenzetu wa Dar wanaojua Mangi ni yule wa dukani anayeuza sukari robo, huku neno hilo ni la mtawala, msilichezee mbele ya wazee.

Kahawa inaiva kuanzia Julai hivi kwenda mwisho wa mwaka, utaona wanachuma zile nyekundu na kuzianika kwenye vichanja. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilichoanza 1933 kilijengwa na vihamba vya aina hii hii. Siku hizi wengi wameng'oa wakaweka ndizi na parachichi, bei ndiyo imeamua, na mtu asije kutoka mjini akawahubiria kuhusu urithi wa kahawa wakati hajawahi kusubiri malipo ya pili ya kahawa aliyoshaipeleka chamani.

Wanyama je? Nyoka?

Nyoka wapo kama popote, mi sio wanaonisumbua. Wanaonisumbua ni siafu baada ya mvua na mbwa wa watu wasio na kamba. Mbwa, simama, mwite mwenyewe, usikimbie. Siafu, kimbia, alafu vua suruali popote ulipo, aibu ni baadaye. Korongoni angalia juu unaweza kuona mbega wale wenye manyoya meupe marefu, au kima, na hondohondo wanaopiga kelele kama ugomvi wa majirani. Kwenye vichaka kuna kinyonga, dume ana pembe mbili puani. Muache alipo.

Chakula kinapatikana?

Vimgahawa viko Marangu Mtoni na Mwika, katikati ni vibanda vya chai na maandazi na duka hapa na pale. Ukifika Mwika na njaa tafuta mtori, ule wa ndizi mshare uliopondwa na nyama, ndiyo dawa ya magoti. Ndizi mbivu nunua sokoni. Maji beba lita moja na nusu kila mtu, siku ya jua mbili.

Na mbege?

Nilijua.

Mbege ni ya ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na kuna magome ya msesewe yanayoipa ule uchungu. Kilabu utakikuta, kata itazunguka, wazee watakukaribisha, na kukataa bila sababu sio heshima, basi onja. Onja. Inaonekana uji, inashibisha, unaona kama haina kitu, unapiga kata ya pili alafu unasimama unakumbuka bado una korongo moja la kushuka na daraja la magogo mawili. Kwa hiyo ushauri wangu, mbege ni Mwika, ukiwa umeshafika, gari iko pale barabarani. Njiani ni chai.

Jumapili inafaa?

Inafaa sana ila asubuhi njia ziko kimya, watu wako ibadani, hakuna wa kumuuliza. Ukipita nje ya kanisa ibada inaisha subiri mnada, sadaka za mazao zinapigwa bei pale nje, mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maziwa. Unaweza kuondoka na mkungu kwa bei nzuri kabisa, tatizo ni nani ataubeba mpaka Mwika. Kuna watu wanapandisha bei kwa sifa tu, usishindane nao.

Desemba?

Desemba, hasa kuanzia tarehe 20, Wachaga wote duniani wamerudi nyumbani. Vijia vimejaa binamu wenye viatu vyeupe, kila kihamba kuna moshi wa nyama na sufuria ya kisusio, ile supu ya damu, gari zimepaki mpaka kwenye mifongo. Kama unataka kutembea kimya usije. Kama unataka kukaribishwa kula nyumba tano kabla ya Mamba, njoo, na usipange muda.

Naweza kwenda na watoto au wazazi?

Mtoto wa miaka 8 kwenda juu anaweza vizuri, wa chini ya hapo utambeba kwenye kila mpando. Mzee mwenye magoti mabovu usimlete njia nzima, kushuka ndiko kunakoua kuliko kupanda. Mpandishe gari mpaka Mamba, atembee kipande cha mwisho mnakutana.

Mwanamke peke yake je?

Mchana watu wako kila mahali, na dada zangu kadhaa wanapita. Lakini kusema ukweli mi nashauri wawili, kwa mwanaume pia. Ukiteguka mguu chini korongoni mtandao hakuna, laini zote zinashikashika huko chini, inabidi mtu apande juu kuita msaada. Mtumie mtu lokesheni ukiwa juu ya mgongo, sio ukishashuka.

Nina mgeni Mzungu, kuna tofauti?

Watoto watapiga kelele na bei zitabadilika, zaidi ya hapo hakuna. Mwambie aombe kabla ya kupiga picha watu, na asigawe hela kwa watoto njiani. Akitaka kutoa kitu, kuna shule, aende ofisini kwa mwalimu.

Choo?

Marangu Mtoni kabla hujaanza. Njiani omba kwenye nyumba, sema "samahani mama naomba kujisaidia", hakuna anayekataa. Porini usiende, kwa sababu huku pori hakuna, hicho unachoona ni pori ni shamba la mtu.

Nafikaje Marangu, na narudije kutoka Mwika?

Kutoka Moshi stendi kuna kosta na noah za Marangu, unapita Himo unapinda kushoto unapanda, ni kama kilomita 40. Wa Arusha anzeni alfajiri au mlale Moshi, mkiondoka Arusha saa 2 mmeshachelewa.

Kurudi ni rahisi, gari za Rombo kwenda Moshi zinapita Mwika pale barabarani, zinarudi kwa Mamba, Marangu, Himo, kwa hiyo dirishani utayaona tena kwa dakika 20 makorongo yote yaliyokutoa jasho asubuhi nzima. Usingoje jioni sana, kadiri giza linavyokaribia ndivyo zinavyokuja zimejaa, na noah ya watu 7 inabeba idadi ambayo sitaiandika. Siku ya soko Kinyamvuo ni mbaya zaidi maana unagombania siti na mikungu ya ndizi, muulize konda wa asubuhi siku za soko ni zipi ujue. Beba noti ndogo ndogo, konda wa jioni hana chenji kamwe, na ulizia nauli kabla hujakaa.